Tulipu za Kaburu Zisizonyauka

Ndugu zangu, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya wenye hisa wote wa shamba letu, na nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Mnajua mimi ni nani. Nilitoka Eldoret kwa nauli yangu mwenyewe, nikasoma kilimo cha maua Uholanzi, nikarudi na diploma. Uasin Gishu nzima hakuna mwingine anayejua tulipu. (Hakuna aliyeniuliza, lakini niliwaambia.)

Chama chetu kimenunua shamba la Kaburu mmoja upande wa Moiben. Tulipopiga kura ya ploti, mimi nikapata kipande cha chini, kando ya mto. Mama Chebet, mjane mwenye ng'ombe, akapata kipande cha juu chenye mawe. Lakini mawe yale yalikuwa na bustani ya tulipu! Nyekundu, za njano, hata zile zenye michirizi wanazogombania matajiri wa Ulaya.

Nilikuwa nikizitazama kutoka nje ya uzio, maana Kaburu alifuga mbwa wakali. Nilizikuta wakati wa kiangazi, zimechanua. Ikanyesha mvua ya mawe, bado zimechanua. Tulipu bila baridi kali haitoi ua, na likitoka halikai. Mtu mwingine angejiuliza. Mimi nikasema: aina mpya! Nitauzia hoteli za Nairobi!

Nikamwomba Mama Chebet tubadilishane.

"Una hakika, mwanangu? Huku juu hakuna maji."

"Mama, wewe fuga. Sayansi niachie mimi."

Tukabadilishana mbele ya wazee.

Leo Kaburu ameondoka, lango likafunguliwa. Nikawapanga wenye hisa kando ya bustani. Nikavaa tai (ndiyo, tai). Nikahutubu juu ya kitunguu cha tulipu na jinsi kinavyolala ardhini. Kisha nikainama ning'oe moja wakione kwa macho.

Ikagoma. Nikavuta kwa mikono miwili. Ikachomoka ghafla, nikaketi vumbini.

Mkononi nina kijiti. Kimechongwa. Kimepakwa rangi. Chini kina msumari!

Mwenyekiti wetu, Mzee Kiptoo, akakohoa. "Bwana Diploma, hii hupaliliwa, ama hupigwa randa?"

Walicheka mpaka wengine wakashika uzio wasianguke. Watu ambao hawajaona tulipu hai maishani mwao! Na yule Kaburu! Kumbe mkewe alishindwa kuotesha za kweli, akaagiza kwa seremala!

Nikamkimbilia Mama Chebet, nikamsihi turudishiane.

"Pole, mwanangu," akasema, akijifuta machozi ya kucheka. "Ng'ombe wameshayazoea maji ya mto. Lakini hukukosa yote. Kuni unazo."

Tafadhali, asicheke mtu. Mkitaka kunitembelea, karibuni wakati wowote, bustani imechanua. Ila kila mmoja aje na maji yake.