Inchi Mbili Zilizoliwa na Sindano

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Uzazi,
Ghorofa ya Pili, mlango wenye pazia la kijani.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: KUTUONDOA MIMI NA MKE WANGU KWENYE ORODHA YENU

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mikono yako haitetemeki. Mimi ni fundi cherehani, mume wa yule mwalimu wa darasa la kwanza mnayemtibu. Bila shaka unanikumbuka, ndimi niliyeiangusha mizani yenu. Tumeoana miaka tisa na hatujapata mtoto. Mlimwandikia sindano za homoni siku kumi mfululizo ili mayai yake yakue, na sasa tunasubiri majibu ya kipimo cha mimba. Nimeona niutumie muda huu kuwasilisha malalamiko yangu kwa maandishi, maana kwa mdomo nikianza huwa nasahau adabu.

1. Neno "sindano". Sista aliponiuliza kama nitaweza kumchoma mke wangu nyumbani, nilicheka. Nikamwambia, mama, sindano unaniuliza mimi? Nina miaka ishirini na miwili ya kuzishika, na huwa nazibana tatu mdomoni huku naongea na wateja. Hakuna aliyenionya kwamba zenu ni za ukoo mwingine. Siku ya kwanza nilivuta dawa, nikapangusa tumbo kwa pamba, nikahesabu moja, mbili. Nilipofumbua macho nilikuwa chali sakafuni, mke wangu ananipepea kwa daftari la mwanafunzi. Alikuwa amekwisha kujichoma mwenyewe. Naomba neno hilo mturudishie mafundi, lenu mlitafutie jina jingine.

2. Friji. Mlisema dawa ikae kwenye baridi lakini isigande. Sisi hatuna friji, anayo jirani yangu muuza soda. Kwa kuwa mambo ya ndani hayaanikwi uani, nilimwambia ni mafuta maalumu ya cherehani ya kisasa. Tangu hapo ananiomba tone moja tu apake bawaba ya mlango wake unaolia. Nimemkatalia mara sita. Sasa hanisalimu, na anawaambia watu kwamba mafanikio yamenipanda kichwani.

3. Simu. Sista alipiga nikiwa nampima mteja kifua, nikaweka spika kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Akatangaza kwa furaha: baba, mayai yenu ni manne, makubwa, mazuri, siku mbili tu yatakuwa tayari! Mteja akageuka na kuuliza ni ya kuku wa kienyeji au wa kisasa. Ningefanyaje? Nikasema ya kienyeji. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeagiza. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia sokoni kwa muuza kuku. Leo nina matetea sita kwenye chumba cha kushonea, na mmoja amechagua kulala ndani ya shela ya bibi harusi.

4. Kuku hao walianza kutaga siku ya tatu, bila sindano hata moja. Mama mkwe alipokuja kututembelea aliyatazama yale mayai, akamtazama binti yake, akasema hata hawa wageni wa juzi wamekwisha kutaga. Nilimfungia kuku wawili kwenye kikapu, nikamsindikiza hadi njia panda ingawa hakuwa ameaga.

Maneno hayo hayakumliza mke wangu. Dawa zenu zimemfanya alie kwa mambo mengine kabisa. Amelia kwa sababu mwanafunzi wake ameandika neno "mama" bila kusaidiwa. Amelia kwa sababu pasi ilikuwa ya moto. Kisha akaniona nimevaa kofia, akacheka mpaka akakaa chini, na hadi leo sijaambiwa kofia ina kosa gani.

5. Hili ndilo kubwa. Wewe si fundi, kwa hiyo nitakueleza taratibu. Gauni huachiwa kitambaa cha ziada ndani ya mshono wa ubavuni, ili mwenye nguo akinenepa lifumuliwe, lipanuliwe. Kwenye magauni ya mke wangu mimi huacha inchi nne, kwa sababu zangu. Sindano zenu zimemvimbisha tumbo, na kwa wiki moja zimekula inchi mbili nzima. Daktari, zile inchi zilikuwa na mwenyewe! Nimezitunza miaka tisa, na hamkuniuliza hata kwa adabu.

Kwa hayo yote, naomba mtufute kwenye orodha yenu, mje mchukue kuku wanne waliobaki, maana kisheria ni wagonjwa wenu, na mtume mtu mwenye cheo akamweleze muuza soda kwamba mimi sikuwa na roho mbaya.

Msalimie sista mwenye sauti kubwa, mlinzi wa mlangoni aliyenibeba siku ile ya mizani, na yeyote anayeitengeneza ile mizani.

Wako aliyechomwa bila kuchomwa,
Fundi, mume wa Mwalimu

Tanbihi: Nikiwa nalamba bahasha, sista amepiga simu. Safari hii sikuweka spika. Kipimo kimesema hapana.

Mke wangu ameichukua barua hii akaisoma. Alicheka vizuri mpaka kwenye kuku. Alipofika namba ya tano alienda kabatini, akaanza kupapasa mishono ya magauni yake, moja baada ya jingine, yote ya miaka tisa. Alikuwa hajui. Sikuwahi kumwambia zile inchi ni za nani.

Uvimbe umeshaisha. Inchi mbili nimezirudisha ndani, ila nimezishikiza kwa bandi tu, zile nyuzi ndefu ambazo ukivuta mara moja zinafumuka.

Basi msitufute. Tuandikieni sindano nyingine. Nitachoma mimi mwenyewe, nikiwa nimeshaketi sakafuni.