Ombi la Kumwondoa Mama Filimbi Uwanjani

Kwako Ndugu Mkuu wa Chuo cha Ualimu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana mimi mwenzako nimechoka. Ndimi fundi cherehani ninayeshona sare za chuo chako, na ni baba wa binti aliye mwaka wa pili hapo. Kwa heshima na taadhima naomba umhamishie maktaba yule mwalimu wa michezo wanayemwita Mama Filimbi, kabla ya mashindano ya vyuo Jumamosi hii. Sababu zangu:

1. Kabla hajaja, kazi ya wasichana siku ya michezo ilikuwa kubeba maji na kuwapigia wavulana makofi. Na waliyapiga vizuri, Mkuu, wewe mwenyewe shahidi. Akaja mama huyu, akaazima kamba ya kuanikia nguo bwenini, akapima uwanja, akachora njia kwa majivu ya jikoni, akawaambia wakimbie. Wakakimbia! Sasa makofi anapiga nani?

2. Aliniagiza nguo za kukimbilia. Nikashona magauni ya heshima, marefu hadi vifundoni, yenye bitana. Kesho yake nikayakuta yamekatwa juu ya magoti, vipande wamejifunga vichwani. Bitana yangu, jamani!

3. Binti yangu ameharibika. Mchumba wake, kijana mstaarabu wa timu ya wavulana, alikuja kutusalimia, wakashindana kwenda dukani na kurudi. Binti akarudi, akachemsha chai, akanywa. Kijana alipoingia anahema nikajua posa imekufa. Kumbe anataka afundishwe kupumua! Huyo ndiye mkwe?

4. Mke wangu naye. Jioni haonekani, yuko uwanjani na majirani, wamejifunga vibwebwe wanaruka viunzi.

5. Nilimfuata mwalimu mwenyewe nimweleze kwa upole. Hata salamu hatujamaliza, akanishikisha saa, akasema baba acha maneno, nipimie muda. Nikapima jioni nzima, mtu mzima na ndevu zangu, huku napiga kelele za "Kaza, mwanangu!" bila kutumwa na mtu.

Kwa hiyo, Mkuu, akae na vitabu, ambavyo havikimbii, nasi tupate utulivu. Nisalimie mama watoto, walimu wote, wapishi, na mlinzi wa getini asiyenifungulia haraka.

Ni mimi, mzazi mwenye uchungu,
Fundi wa sare

N.B. Naongeza haya nikiwa hapa chuoni. Nimeleta barua, nikamkuta mwalimu wa mpira anafuta njia za wasichana kwa fagio. Eti Jumamosi uwanja ni wa wavulana, mabinti wakakimbilie nyuma ya jikoni. Mama Filimbi amesimama tu, machozi yanamlenga. Mkuu, sijawahi kupandwa na hasira namna hii! Nimempokonya yule bwana fagio. Cherehani yangu, niliyokuja nayo kurekebishia sare, nimeiweka katikati ya uwanja, na hapa ndipo nitashonea mpaka wanangu wamalize kukimbia. Mama huyu haendi popote. Akiondoka, tafuta fundi mwingine, maana chuo kizima kitavaa magunia.