Pindo, Mji na Kijembe

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Nimepaka piko asubuhi, nywele na ndevu. Mvi zote kwaheri. Hakuna ajuaye, hata mke wangu.

Jioni klabuni Michenzani. Ni klabu ya sanaa kwa watoto wakitoka skuli: wanaoona na wasioona, wanaosikia na wasiosikia, wanaokimbia na wanaosukumwa kwenye vigari, wote chumba kimoja. Walimu ni wawili, mimi na Bi Nasima. Watoto wanampenda yeye. Sijui wameona nini.

Bi Mardhiya, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, katangaza kuwa Jumamosi kuna maonyesho. Watoto watatengeneza kanga kwa mkono, na mwalimu atakayeng'ara atakuwa mratibu wa klabu. Mratibu! Mkubwa Borafya, Mratibu! Mtu niliyechorea watalii twiga mpaka nawaota!

Sharti ni moja tu, kila mtoto atie mkono wake. Nimekubali. Nitawapa kitambaa wakishike, nichore mimi.

Jumanne, 6 Agosti

Mpango umekufa. Niliwapanga wote kushika kitambaa, kila mmoja ncha yake. Nikaanza kuchora karafuu yangu ya kwanza. Mara Bi Nasima kaingia na fuko la ndara kuukuu. Kasema soli zikichongwa zinakuwa mihuri. Watoto wakaniacha na kitambaa mkononi.

Kufika magharibi pindo lilikuwa limekamilika pande zote nne. Limepinda kidogo. Limependeza. Sikusema.

Wanu ndiye kiongozi wao. Ni kiziwi, na anaamrisha kuliko sheha wa mtaa. Kaniangalia, kateremsha kidole kutoka kipajini mpaka kwenye kola, chumba kizima kikacheka. Bi Nasima kaeleza kuwa hilo ndilo jina langu kwa lugha ya alama. Nikauliza maana yake. Kakohoa, kasema labda ni hili joto. Nikafahamu: jasho! Mchapakazi! Nikampa Wanu peremende.

Nyumbani mke wangu Mwanakheri kaniuliza weusi gani huu kwenye kola. Nikamwambia wino.

Jumatano, 7 Agosti

Mji wa kanga umekwisha, katikati kumejaa samaki na vigari. Limebaki jina, ule msemo wa chini.

Watoto wamepiga kura. Jina lao: SOTE TUMO. Baridi! Kanga isiyo na kijembe ataivaa nani?

Herufi kachonga Tahir, ambaye haoni. Kila soli kaipapasa, kaichonga kinyume, kaipapasa tena. Kesho atagonga jina mwenyewe. Mama yake, muuza urojo, kaahidi kufunga meza yake Jumamosi aje kuliona. Tahir kaniambia habari hii mara tatu. Nilimsikia mara ya kwanza.

Mimi nina jina langu, maalumu kwa Bi Nasima: WANIRINGIA NINI NAMI NAKUJUA. Nimelichonga nyumbani mbele ya kioo. Soli zikaniishia kwenye NAKU. Ndara za Mwanakheri zilikuwa karibu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimewarudisha watoto mapema. Nimesema rangi haitaki watu wengi. Bi Nasima alikuwa kaenda kutafuta viti.

Tahir hakuondoka. Kauliza zamu yake je. Nikamwambia kazi ya jina ni nzito, waachiwe watu wazima. Kisha kanikabidhi herufi zake moja moja, kaniomba nizikandamize taratibu, hasa S, imemsumbua. Nimejisikia vibaya. Nikanywa maji, ikapita.

Jina langu limetoka jeusi, limenyooka, rangi nene ya kupapasika. Nimekunja kanga, jina kwa ndani.

Jumamosi, 10 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Ukumbi umejaa. Bi Mardhiya kapanda jukwaani, kajitanda kanga bila kuisoma, kageuka watu wauone mgongo. Bi Nasima nilimkalisha mbele makusudi. Sikujua kuwa aliyekaa pembeni yake ni mke mwenza wa Bi Mardhiya.

Mke mwenza kasoma. Kasimama. Kasema kwa sauti ya kufika Chukwani kwamba hata yeye anamjua, tena aanzie wapi? Nyuma yake wanawake wakaanza kutazamana, kila mmoja keshapata wake. Mwanakheri kanitazama mimi.

Bi Mardhiya kaapa kuwa jina ni SOTE TUMO. Kamwita Tahir athibitishe. Mtoto kapanda na mama yake, kafurahi, kaupapasa mgongo wa mwenyekiti. Vidole vikasimama. Kasema kwenye maikrofoni, taratibu, kwamba hii si S yake.

Mama yake kamshika mkono, wakashuka.

Bi Nasima kauliza nani aligonga jina. Macho yote kwenye vidole vyangu vyeusi. Nikasema upesi kuwa hiyo si rangi, ni piko! Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Hapo Wanu kasimama juu ya kiti, kidole kutoka kipajini mpaka kwenye kola, na safari hii hakuna aliyehitaji mkalimani.

Mratibu ni Bi Nasima. Kamati ilitaka niondolewe kabisa, yeye ndiye kasema nibaki. Bila shaka bila mimi hawezi. Nimerudi nyumbani peku, Mwanakheri kachukua ndara zangu.

Jumatatu, 12 Agosti

Wanatengeneza kanga nyingine. Nimemwomba Tahir radhi, kwa kuwa Bi Nasima alikuwa anatazama. Kasema haidhuru, Maalim, lakini nisiguse herufi.

Safari hii kwenye mji wa kanga wamegonga viganja vyao, kila mtoto kimoja, duara kamili. Kamili isipokuwa pengo moja, pana, saizi ya mtu mzima. Wanu kanishika mkono, kanionyesha pengo, kanionyesha sahani ya rangi. Nikainama kusoma jina, Tahir kaligonga kwa mkono wake:

NAFASI YAKO IPO.

Damu ikanichemka. Yaani nafasi yangu i wazi! Wanaitangaza! Kwenye kanga, hadharani, ili kila mwenye kutafuta kazi kuanzia hapa mpaka Tunguu aje kuomba! Na kiganja changu wakitaka cha nini, kama si kunifanya nitie sahihi ya kujiuzulu?

Nikatia mikono mfukoni. Wamenisubiri mpaka rangi ikakauka sahanini. Wanu kamimina nyingine.

Hawanipati. Nimekaa mbele ya kioo, nachonga jibu: SIONDOKI NG'O.