Kanuni Saba za Kuongea Nami

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimeanza shajara. Si kwa kupenda. Nimekosa mtu wa kuongea naye kwa akili.

Marafiki ninao watatu, tangu shule. Wote wana simu nzuri. Hakuna anayejua simu ni ya nini.

Kinyozi kwanza. Huyu hawezi kusema ndiyo chini ya dakika nne. Haandiki. Anabonyeza na kuongea, ujumbe wa sauti juu ya ujumbe wa sauti, huku mashine ya kunyolea inanguruma na mteja anakohoa. Kikohozi cha mteja yule nakijua kuliko sauti ya shemeji yangu. Leo nilimwuliza kama saluni iko wazi. Nikapewa historia ya mlango wa saluni, kitasa chake, na fundi aliyekitia kitasa hicho upande usiofaa. Jibu sijapata hadi sasa.

Muuguzi yeye hupiga. Hupiga tu, kama nyumba inaungua. Unapokea roho ikiwa mkononi, ukidhani kuna msiba. Anakuuliza umekula nini. Katikati anasema subiri kidogo, mgonjwa anapiga yowe, kisha anarudi palepale alipoachia.

Mpimaji wa ardhi ndiye kiboko. Ekari arobaini anazipima kwa asubuhi moja, lakini maneno manne yanamshinda. Jibu lake kwa kila kitu ni picha ya dole gumba. Nilipomwandikia kwamba mjomba wangu amefariki, dole gumba.

Mimi naandika. Aya kamili. Nukta mahali pake. Hawasomi.

Sasa jambo lenyewe. Mpimaji amehamishiwa kituo kipya, siku mbili kwa barabara, kwa miaka minne. Jumapili tunamuaga nyumbani kwake. Anatakiwa mtu mmoja wa kusema maneno ya kuaga. Muuguzi ametoa wazo (kwa kupiga, mtu mmoja baada ya mwingine, kama anayegawa dawa wodini) kwamba aseme Kinyozi, kwa sababu ana mdomo. Debe tupu nalo lina mdomo.

Hilo halitatokea.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimepata njia. Kinyozi hashindwi kwa maneno; anashindwa kwa sheria.

Kazini leo hapakuwa na watu. Mimi ndiye mkata lenzi katika duka la miwani, kazi ya watu makini, si kama kunyoa vichwa. Kati ya lenzi moja na nyingine nikatunga Kanuni za Mawasiliano. Saba. Ujumbe wa sauti usizidi nusu dakika. Hakuna kupiga simu bila kutanguliza taarifa ya maandishi. Dole gumba si jibu. Kila swali lijibiwe kwa sentensi yenye kitenzi. Na kadhalika. Ya saba ndiyo mtego: mambo yote ya sherehe na maagano yataongozwa na mwanakundi mwenye rekodi ya maandishi. Mwenye rekodi ni nani? Haya.

Nikaziweka kwenye kundi letu la simu saa sita kamili. Nikaona nimefanya kazi ya kudumu.

Saa sita na dakika tano Muuguzi akapiga, bila taarifa, kuniambia ameona nimetuma kitu kirefu lakini ana glovu mikononi, nimsomee. Nikamjibu kwamba kumsomea ni kuvunja kanuni ya pili. Akauliza kanuni gani. Nikasema asome. Akasema ana glovu. Tukazunguka hapo mara tatu.

Kinyozi akatuma sauti. Dakika tisa! Mwishoni kuna watu wanacheka. Saluni nzima.

Mpimaji: dole gumba.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimetoka kwenye kundi. Saa tatu na dakika nne asubuhi. Simu yenyewe iliwatangazia kwa herufi ndogo kwamba nimetoka. Zingekuwa kubwa, lakini si neno.

Mpango ni mwepesi. Watashtuka. Wataniandikia, safari hii kwa maandishi, maana mtu akiomba radhi lazima ashike kalamu. Nitawaacha waive kidogo. Kisha nitarudi kwa masharti, na la kwanza ni hotuba.

Hadi saa tano, kimya. Nikazima simu nikaiwasha, huenda ina kasoro. Haina.

Hadi saa nane, kimya. Kwa kuchungulia simu nikakata lenzi mbili za hakimu mstaafu nikazipachika kinyume, ya kulia kushoto. Alivaa, akasimama, akashika meza. Akamwuliza mama mwenye duka sakafu yake imeanza lini kuteremka. Nikaambiwa nizirudie zote mbili, na simu niiweke kwenye droo.

Nyumbani nilimweleza dada yangu, ninayekaa naye, kwamba wenzangu wanapitia kipindi kigumu bila mimi. Dada ni mshonaji. Ana pini mdomoni muda mwingi, ndiyo maana ni msikilizaji mzuri. Akatoa pini.

"Susa, mdogo wangu," akasema. "Wenzio wala."

Dada hana elimu ya mikakati.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Wameanza kutapatapa. Muuguzi amepiga mara tano. Sikupokea hata moja. Zote hazikuwa na taarifa.

Saa saba akatokea dukani mwenyewe, na sare yake, jasho linamtoka. Nilimwona kwenye kioo akivuka barabara. Nikaingia chumba cha kupimia macho, nikazima taa, nikakaa kwenye kiti cha wateja nikitazamana na ubao wa herufi. Mtu akitaka kusalimu amri aandike. Ukikubali aje kwa miguu leo, kesho atakuja kila mara.

Alikaa robo saa nzima. Nikamsikia akiongea na mama mwenye duka, lakini mlango wa chumba kile ni mzito, nikaambulia sauti bila maneno. Ndivyo alivyo siku zote.

Alipoondoka nikatoka. Mama mwenye duka akaniambia ameacha maagizo: kwamba nisikilize ujumbe utakaotumwa na Kinyozi, ni muhimu, ameshindwa kunipata. Nikacheka. Ameacha ujumbe wa kuniambia nisikilize ujumbe. Safari ya nusu saa kwa miguu kuleta maneno ambayo vidole viwili vingeyamaliza!

Mama mwenye duka akauliza kama nina deni au kesi, maana hajawahi kuona mtu mzima akijificha nyuma ya herufi.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Ujumbe wa sauti kumi na mmoja kutoka simu ya Kinyozi. Dakika arobaini na moja kwa jumla. Nimezijumlisha mara mbili.

Sikusikiliza hata mmoja. Huu ndio msimamo. Anayetaka kuniomba msamaha kwa dakika arobaini na moja hajajuta, anajifurahisha. Nikamwandikia mstari mmoja safi: "Nimepokea sauti zako. Tafadhali ziweke katika maandishi." Hakujibu. Bila shaka anatafuta kalamu.

Hotuba imekamilika. Kurasa nne. Nimeanza na urafiki kwa jumla, nikaja kwenye ardhi, nikailinganisha ardhi na urafiki (vyote vina mipaka), kisha ukurasa mzima juu ya umuhimu wa kujibu barua. Kwenye ukurasa wa nne kuna sentensi mbili kuhusu Mpimaji mwenyewe. Nilikwama hapo muda mrefu. Nilitaka kuandika kuhusu mwaka ule nilipougua nikakosa mtihani, naye akaja kila jioni na daftari lake, akaliweka mezani, akakaa bila kusema neno hadi nimalize kunakili. Nikaona halina mtiririko. Nikalitoa.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimeomba ruhusa kazini ili niikariri hotuba. Kutwa chumbani, nimefunga mlango.

Asubuhi Dada alibisha. Akauliza, "Huendi?" Nikamjibu kwamba leo siendi popote, na mtu asinisumbue. Akasema haya, ni uamuzi wangu, lakini yeye anakwenda. Nikadhani sokoni. Nilimwona kwa dirisha akiwa amevaa gauni lake la harusi za watu. Kwa ajili ya vitunguu! Wanawake.

Saa nne na nusu lori likapita mtaani limebeba kabati, godoro, na kitu cha miguu mitatu kimefungwa blanketi. Lilipiga honi mfululizo mbele ya nyumba yetu. Nikapoteza ukurasa wa pili. Nilifungua dirisha nikamfokea dereva kwamba kuna watu wanafanya kazi za akili.

Mchana nilitoka kununua kalamu. Saluni ya Kinyozi imefungwa, Jumamosi, siku ya vichwa vingi. Mlangoni kabandika karatasi yenye mwandiko wake mbovu. Sikuvuka kwenda kuisoma. Ilinitosha kuona ameandika. Kanuni zinafanya kazi.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nilifika nyumbani kwa Mpimaji saa nne kamili, nimevaa suti, kurasa nne mfukoni.

Mlango wazi. Ndani hamna kitu. Sakafu imefagiwa, mistari ya ufagio bado inaonekana. Ukutani pamebaki misumari. Nilikohoa, chumba kikanikoholea.

Jirani yake akatokea na ndoo akaniuliza kama nimekuja kuangalia nyumba ya kupanga. Nikasema nimekuja kuaga. Akaniambia waliaga jana. Lori lilipatikana la Jumamosi, siku moja kabla ya siku iliyopangwa, ikabidi waende nalo. Walikuwa wengi, akasema, walikula, walicheka, kinyozi mmoja alisimama kusema akashindwa, akakaa. Mwenye kuagwa alikuwa anatazama njia. Akasema tusubiri kidogo. Wakasubiri kama saa moja. Kisha akamwomba dereva apitie mtaa fulani, apige honi.

Nikamshukuru. Sikumbuki nilirudi kwa njia gani.

Dada alikuwa anapiga pasi. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema kila mtu aliniambia. Yeye alijua nina habari, alidhani nimesusa hadi mwisho, na aliona haya kunikokota mtu mzima kama mbuzi.

Nikaingia chumbani nikasikiliza sauti kumi na moja. Zote. Tisa ni za Kinyozi. Ya kwanza, sekunde ya kumi, anasema lori ni Jumamosi. Mara moja, waziwazi! Mashine ya kunyolea hata haikuwashwa. Nane zinazofuata anauliza kama nimesikia. Katika ya tisa hana mzaha tena. Anasema kama ni ile kanuni ya saba niichukue, yeye hotuba haitaki, nije tu. Ya kumi ni Muuguzi, kwa simu ya Kinyozi, ananisihi nipokee simu.

Ya kumi na moja, mwanzoni hakuna mtu. Kuna pumzi. Kisha Mpimaji.

"Mimi si mtu wa maneno, wewe unajua," akasema. "Nilitaka kesho useme wewe. Nilishamwambia Kinyozi anyamaze." Nikasikia anahamisha simu sikio. "Njoo. Hata usiposema kitu, njoo tu ukae."

Dakika mbili na sekunde kumi. Nyingi ni kimya.

Nimeisikiliza tena. Halafu tena. Dada aliniletea chakula akakuta nimeiweka simu sikioni na taa sijawasha. Akakaa kitandani hadi nikamaliza kula.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Nimepata nafasi ya kutafakari kwa utulivu. Sina kosa.

Tatizo, nikilitazama kitaalamu, ni mpangilio. Habari ya lori ilikuwa sekunde ya kumi. Ingewekwa kichwa cha habari, "LORI," ningejua. Mtu hatumi sauti kumi na moja bila fahirisi. Nimemweleza Kinyozi hivyo leo, kwa maandishi, kurasa mbili. Muuguzi amenirudisha kwenye kundi. Alinipigia kunijulisha kwamba amenirudisha, jambo nililokuwa nimeshaliona. Nikamkosoa kwa upole. Akasema haya, mwanangu, umekula nini?

Natayarisha toleo la pili la kanuni. Sasa ni kumi na mbili.

Jioni hii niko kwenye jambo zito zaidi. Namwandikia Mpimaji barua, barua ya kweli, ya karatasi, itakayomfikia baada ya wiki mbili ikijaliwa. Nimemweleza kuhusu daftari lake mezani mwaka ule. Safari hii sikuliondoa. Imekwenda vizuri.

Simu inalia. Ni yeye. Mpimaji, ambaye tangu tufahamiane hajawahi kumpigia mtu yeyote! Imekatika. Inalia tena.

Sikupokea. Hakutanguliza taarifa, na tena nilikuwa katikati ya sentensi inayomweleza jinsi ninavyotamani kuisikia sauti yake.