Kilo Hamsini za Sapiwi

Alhamisi, 8 Mei. Bariadi.

Ununuzi wa pamba unafunguliwa Jumatatu. Programu ya mizani ni yangu, nimeiandika kwa lugha ya C. Ofisini inatumia Windows. Kituoni Sapiwi inatumia kompyuta ndogo ya Linux iliyofungwa kwenye mizani. Kuzipatanisha ni kazi ya masharti ya #ifdef: kama ni Windows, kompaila, ile inayogeuza maandishi yangu kuwa programu, ichukue kipande hiki, la sivyo, ichukue kile. Nimeyatawanya sehemu arobaini na moja. Hakuna mwingine anayejua yalipo. Ndiyo mpango wenyewe! Nani atathubutu kuniondoa?

Nasrin, aliyeajiriwa Januari, anasema eti mambo ya Windows yakae kwenye faili lake, ya Linux kwenye faili lake, na programu yenyewe isijue iko kwenye mashine gani. Bosi wetu, Bi Eufrasia, kampenda ghafla. Kasema mizani ikikwama Jumatatu, programu inahamia kwa Nasrin na mimi narudi kutengeneza printa. Printa! Miaka minne ya kunusa wino. Sirudi.

Ijumaa, 9 Mei.

Nimeandika upya usomaji wa uzito. Kwenye Windows, safi kabisa. Upande wa Linux bado mtupu, maana mashine iko Sapiwi na mimi niko hapa. Nimeweka irudishe 50 kila ikiulizwa uzito. Kwa muda tu. Nitakumbuka.

Jumamosi, 10 Mei.

Kompaila imegoma! Nasrin kapitia kazi yangu bila kuombwa, kaweka #error, amri ya kuisimamisha, upande wa Linux. Kila nikijaribu inasimama na ujumbe: "Dastan, hapa bado." Uchokozi mtupu. Nimeufuta. Mstari wa chini yake sikuutazama hata, kwa hasira. Ikapita bila onyo hata moja. Nimetuma Sapiwi. Nimejinunulia soda mbili.

Jumatatu, 12 Mei. Sapiwi.

Nilifika na shati jipya. Foleni ndefu, pamba imefungwa kwenye mashuka. Wa kwanza ni Nyanjige, mama mkulima. Nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mayo, yaani umeamkaje mama. Akaitikia vizuri, ila akasema pamba yake haigusi mizani kabla ya mtu. Ndiyo desturi yao hapa: msimu ukifunguliwa, anapanda kwanza mtu anayejua uzito wake. Yeye kapimwa zahanati juzi, kilo hamsini. Akapanda. Hamsini! Vigelegele! Nikavimba kichwa.

Akapanda Salu, mwenyekiti wa chama cha wakulima, mtu wa tumbo la maana. Hamsini. Akafurahi mno, akasema alijua tu kutembea kwenda shamba kumemsaidia. Wakampandisha mbuzi. Hamsini. Wakamshusha mbuzi. Mizani tupu, hamsini.

Shati jipya likalowa. Nyanjige akakalia shuka lake la pamba, akatangaza kwamba hakuna atakayepima. Printa niliziona kwa macho yangu.

Nikampigia Nasrin. Kabla sijamaliza salamu akauliza kama inasoma hamsini. Upande wa Linux alishauandika tangu Jumamosi, kwenye faili lake. Akatuma. Dakika kumi. Nyanjige akapanda tena: hamsini. Mbuzi, ishirini na mbili. Salu, mia na nne. Salu akauliza kama ile ya kwanza haiwezi kurudishwa.

Hakuna hata shuka moja lililokuwa limepimwa vibaya. Hakuna mkulima aliyepunjwa! Niliketi chini nyuma ya ghala na nusura nilie. Asante mayo. Asante mbuzi. Asante hata Nasrin.

Jumanne, 13 Mei. Bariadi.

Sijaondolewa! Nasrin hakusema lolote kuhusu #error niliyoifuta. Alimwambia bosi tu kwamba kulikuwa na marekebisho madogo. Binti muungwana, nilimdhania vibaya. Ila masharti yangu arobaini na moja yanafutwa leo, yote yanahamia kwenye yale mafaili mawili. Sawa. Nimepumua.

Mchana Bi Eufrasia kasema sasa anataka programu iende na kwenye simu. Mashine ya tatu! Nasrin kaomba nisiguse kitu mpaka afungue faili la simu. Nisubiri nini? Nimechomeka sharti moja dogo, mahali ambapo hatatazama. Kusoma uzito kwenye simu bado sijui. Lakini hamsini sirudii tena, ile nimejifunza.

Nimeweka sitini. Kwa muda tu. Nitakumbuka.