Uzinduzi wa Kusimama

Watu wote wa Mwanza na vitongoji vyake watangaziwe kwamba mifupa ya watoto sasa ina ofisi. Ofisi ina mlango, mlango una kibao, na nyuma ya kibao ameketi Bwana Byabato, Mratibu wa Mifupa ya Watoto Wenye Mtindio wa Ubongo, mtu asiyekunywa hata chai bila itifaki.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa fremu za kusimamia. Mtoto asiyesimama mifupa yake hudhoofu, maana mfupa hupata nguvu kwa kubeba uzito. Fundi mmoja wa Nyegezi alizichonga vizuri, Byabato akazipokea kwa shangwe, kisha akazifungia stoo. Zingetokaje hazijazinduliwa? Fremu isiyozinduliwa, jamani, ni mbao tu.

Siku moja akaja Jovina, mama mmoja mkazi wa mtaa wa Pasiansi, akimsukuma binti yake Precious kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima parokiani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Precious. Mfupa unaendeleaje?"

"Ndiyo kwanza umetoka plasta. Paja lilivunjika namvalisha suruali tu, baba. Namvalisha! Sasa hata kumgeuza kitandani naogopa. Daktari kasema asimame lisaa zima kila siku, la sivyo utavunjika mwingine. Naomba fremu moja."

Byabato aliguswa sana. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Uambie mfupa uvute subira. Mgeni rasmi anatafutwa."

Hatimaye akapatikana: Mheshimiwa Masalu, Mwenyekiti wa Bodi ya Mifupa, mtu ambaye tumbo lake hufika mkutanoni kabla yake. Ukumbi ukajaa akina mama na watoto wao. Mbele ikawekwa fremu moja ya mfano, imezungushiwa utepe. Waraka wa itifaki ulikwisha kutoka: mgeni haingii mpaka wote wamesimama, na hakuna kuketi mpaka wote waketi kwa pamoja, ili watu wasijikalie ovyo kama wako kijiweni.

Akina mama wakasimama, watoto mikononi. Byabato akakagua, akashtuka.

"Huyo mbona ameketi?"

"Hawezi kusimama, baba, na kumbeba naogopa paja lile," alisema Jovina.

"Waraka hauna hawezi."

"Basi mpeni fremu."

Byabato akatazama nje. Mheshimiwa alikuwa mlangoni, jua linamchoma kipara, hawezi kuingia. Kutumia kifaa kabla ya uzinduzi ni kosa, lakini kumkausha mgeni rasmi kama dagaa ni balaa. Akaufungua utepe polepole, kama anayemvua nguo mkwewe.

Precious akafungwa mikanda ya kifuani na magotini. Akasimama! Akauona ukumbi kutoka juu, akacheka kwa sauti. Jovina alilia palepale, hakujificha. Mheshimiwa akaingia kwa makofi, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake.

"Bado, Mheshimiwa," Byabato alimnong'oneza. "Wote kwa pamoja."

"Basi mfungueni huyo mtoto aketi!"

"Daktari kasema lisaa zima, Mheshimiwa," alisema Jovina. "Ndiyo kwanza tumeanza."

Mheshimiwa akamtazama Byabato. Byabato akautazama waraka. Uliidhinishwa na Mheshimiwa mwenyewe.

Basi wakasimama. Hotuba ya umuhimu wa kusimama ilisomwa kwa wima na ikaisha. Akina mama wao kubeba wamezoea, hawakuona ajabu. Wajumbe wa bodi waliofuatana na Mheshimiwa ndio walianza kuyumba, mara mguu huu, mara ule. Jasho likamtiririka Mwenyekiti, magoti yakaanza kugongana.

"Byabato!" alifoka. "Hizo za stoo toeni zote, sasa hivi! Na moja nileteeni mimi!"

Stoo ikafunguliwa. Akina mama hawakungoja tangazo la pili. Kila mmoja alijichukulia ya mwanawe, wakasaidiana kufunga mikanda, na watoto wakasimama ukumbi mzima, wanatazamana wenyewe kwa wenyewe na kushangaa.

"Yangu iko wapi?" aliuliza Mheshimiwa.

Byabato akachungulia stoo, sakafu tupu.

"Zimekwisha, Mheshimiwa."

Hakukuwa na waraka wa jambo hilo. Byabato akatanua miguu, akainama kidogo, na Mwenyekiti wa Bodi ya Mifupa akamlalia mgongoni kwa uzito wake wote. Jovina ana huruma, hakuweza kuwatazama hivyo. Alivua khanga begani, akawafunga pamoja kifuani, akaikaza vizuri.

"Haya, baba zangu," akawaambia. "Bado nusu saa."