Ramani ya Sukari Ukweni Misima

Jumatatu, 14 Julai 2025
Sabiri kanicheulia maziwa kwenye ukurasa huu sasa hivi, halafu akacheka. Miezi mitano, mashavu kama maandazi! Acheke tu. Alipozaliwa, kila akinyonya anaharisha. Nilijua simpati. Daktari Edna wa Korogwe ndiye aliyembadilishia maziwa. Kasema tumboni kuna jeni inayobeba sukari. Wataalamu walishaichorea ramani, inakaa kromosomu namba ishirini na mbili. Ya Sabiri haibebi kitu. Kairithi. Mimi na mume wangu Awadhi tumetolewa damu, majibu wiki ijayo.
Wifi Faudhia hakusubiri majibu! Kawatangazia wenzake bombani kwamba kaka yake kaletewa tumbo bovu kutoka Kilole. Kwetu!

Jumanne, 15 Julai
Nimepata akili. Ramani ya hospitali wiki nzima, yangu siku moja. Nawanywesha wakwe chai ya sukari tele. Atakayekimbilia chooni, jeni ni yake.

Alhamisi, 17 Julai
Vijiko vinane kila kikombe. Mama mkwe kasema leo ndio nimejua kukirimu watu, akaongeza. Faudhia kanywa vikombe vitatu, akauliza kama nimeolewa na kiwanda cha sukari. Nikakaa uani na daftari, macho chooni. Hakwenda mtu!
Ili nisishtukiwe, nami nilikunywa vinne. Nimekwenda mara tano. Mara ya tano narudi, namkuta Faudhia kashika daftari langu, anasoma RAMANI YA JENI kwa sauti. Akapiga kigelegele. Akasema hongera, imepatikana, inaishi Kilole.
Aibu!

Jumatatu, 21 Julai
Majibu! Jeni mbovu moja katoa Awadhi, moja nimetoa mimi. Edna kasema mwenye moja haumwi, chai haimfanyi kitu. Mbio zangu zilikuwa ni ulafi tu. Katuonya tusilaumiane. Awadhi kanishika mkono palepale mbele ya daktari, akasema mtoto wetu sote, na tumbo letu sote. Nimelia.
Basi. Nimeelewa. Simtafuti mkosaji tena.
Ila Awadhi naye kuna mzazi aliyempa. Na Alhamisi ile baba mkwe alikuwa shamba, hakuonja hata tone! Kesho nampikia uji, sukari nusu kilo, nakaa karibu na mlango wa choo, na safari hii mimi mwenyewe sigusi hata — mama mkwe ananiita! Abee, mama! Naja! Nilikuwa naandika tu majina ya vitu vya kununua dukani, sukari na